Kuchunguza Viumbe Wanaoishi Ndani ya Mitungi ya Mimea Inayokula Wadudu: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana kama mapacha. Mtu ana mmea unaokula wadudu, amepata hadubini, amechota tone la maji kutoka ndani ya mtungi, yaani jani lililojikunja kama gudulia, ameliangalia kwa nusu saa nzima, na hakuona chochote isipokuwa viputo vya hewa na kipande cha bawa la nzi. Mwingine aliona viumbe tele siku ya kwanza, lakini baada ya wiki mbili maji yamekuwa meusi, yananuka, na jani limekufa.

Kosa la wote wawili ni moja, ingawa matokeo yanapishana. Waliuchukulia mtungi kama chupa ya maji, ilhali ni bwawa dogo lenye umri wake. Bwawa hilo huanza likiwa tupu, hupata wakazi kwa awamu, hustawi kwa muda, kisha huzeeka. Anayechota mapema mno hukuta maji matupu, na anayelisha kupita kiasi huliua bwawa pamoja na wakazi wake. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata umri wa mtungi, na sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla hujaigusa hadubini.

## Vifaa vinavyohitajika

Mmea wenye mitungi inayoshika maji. Kwa anayeanza, ninapendekeza Sarracenia purpurea, mmea ambao asili yake ni Kanada na mashariki mwa Marekani. Mitungi yake ni mifupi na mipana, imeinama kidogo, na mdomo wake uko wazi kupokea mvua. Nepenthes, jenasi nyingine ya mimea yenye mitungi, nayo inafaa, ila ina masharti ambayo nitayaeleza katika hatua ya 2. Sarracenia flava na Sarracenia leucophylla ziache: mitungi yao ni mirefu, kifuniko chake huzuia mvua, na ndani utakuta mizoga ya wadudu mingi kuliko maji. Nimeona watu kadhaa wakihangaika na mimea hiyo kwa miezi.

Hadubini inayokuza kuanzia mara 40 hadi mara 400. Ukuzaji wa mara 1000 hauhitajiki katika kazi hii.

Slaidi za kioo na vifuniko vyake vyembamba, pamoja na nyuzi chache za pamba safi.

Pipeti za plastiki zenye shingo ndefu, moja kwa kila mtungi, na vichupa vidogo vyenye mfuniko vya mililita 5 hivi.

Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, au maji yaliyokenekwa. Maji ya bomba hayafai, kwa sababu klorini huua viumbe unaowatafuta na madini yake hudhuru mizizi ya mimea hii, ambayo imezoea udongo maskini. Kuweni waangalifu na kinachoitwa maji ya betri: jina hilo hutumika kwa maji yaliyokenekwa na pia kwa tindikali ya betri, na kosa hilo ukilifanya mara moja mmea hautakupa nafasi ya pili. Soma lebo.

Karatasi za kupimia pH (kipimo cha ukali wa tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali zaidi), iodini ya Lugol, jiki, glavu, lebo zisizolowa, penseli na daftari. Kalamu ya wino huyeyuka ikiguswa na maji, na rekodi ya wiki sita hupotea kwa tone moja.

Tafuta mmea uliooteshwa kitaluni, usiung'oe porini. Jenasi nzima ya Nepenthes imo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na Nepenthes rajah pamoja na Nepenthes khasiana zimo katika Kiambatisho cha I, ambacho ndicho kikali zaidi.

## Hatua ya 1: Weka alama kwenye mitungi kabla haijafunguka

Chagua angalau mitungi mitatu: mmoja ambao bado umefunga, mmoja uliofunguka majuzi, na mmoja wa zamani. Funga lebo kwenye shina la jani, si kwenye mtungi wenyewe, na uandike namba na tarehe ya kufunguka. Kwa ule wa zamani ambao hukushuhudia ukifunguka, andika tu kwamba umri haujulikani, usikisie.

Sababu ni kwamba bila tarehe hutaweza kufasiri chochote utakachokiona. Tone lisilo na kiumbe hata mmoja lina maana moja katika mtungi wa siku mbili, na maana nyingine kabisa katika mtungi wa siku arobaini.

Umefaulu iwapo mtu mwingine anaweza kulichukua daftari lako na kuuonyesha mtungi namba 2 kwa kidole bila kukuuliza.

## Hatua ya 2: Subiri umri unaofaa

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtungi ambao haujafunguka hauna wakazi. Uchunguzi wa mitungi iliyofunga, ya Sarracenia purpurea na ya Nepenthes, umekuta ndani yake hamna bakteria, au hamna wa kutajika. Wakazi huingia baada ya mdomo kufunguka: bakteria na kuvu huletwa na mvua, upepo na miguu ya wadudu, kisha huja protozoa, viumbe wa seli moja wanaokula bakteria, na mwishoni, pale wanapopatikana, rotifa (wanyama wadogo mno wa majini), utitiri na viluwiluwi wa mbu. Kila kundi linategemea lile lililotangulia. Huwezi kukuta wawindaji katika bwawa ambalo bado halina mawindo.

Kwa Sarracenia purpurea, ngoja wiki mbili hadi nne tangu mtungi ufunguke na kushika maji. Mmea huu hutoa vimeng'enya vichache vya kusagia chakula na huwaachia bakteria na wenzao sehemu kubwa ya kazi hiyo, ndiyo maana wakazi wake ni wengi na ni rahisi kuwapata.

Nepenthes ina tabia tofauti. Hutengeneza majimaji yake yenyewe hata kabla ya kufunguka, na ndani yake huweka vimeng'enya vinavyovunja protini, vikiwemo vile viitwavyo nepenthesini. Isitoshe, majimaji hayo huwa na tindikali, na katika baadhi ya spishi pH hushuka hadi 2 au 3 mawindo yanapoingia, jambo ambalo protozoa wengi hawalivumilii. Baadhi ya mitungi hii ina pia kemikali zinazozuia bakteria na kuvu kuota. Kwa hiyo mtungi wa Nepenthes wenye nguvu, ulio katika ujana wake, ndio mbaya zaidi kuanzia, japokuwa ndio unaovutia macho na ndio karibu kila mtu huanza nao. Chagua mkongwe, wa miezi miwili au mitatu, ambao kingo za kifuniko chake zimeanza kukauka lakini sehemu ya chini bado ni mbichi. Nepenthes ampullaria ni ubaguzi wenye manufaa: mitungi yake hukaa chini, hupokea majani yanayodondoka kutoka juu, na majimaji yake hayana ukali wa wenzake.

Onyo: usijaribu kufupisha muda kwa kumimina maji ya dimbwi ndani ya mtungi. Utaona viumbe, ndiyo, lakini watakuwa wa dimbwi, na wengi wao watakufa na kuoza humo.

## Hatua ya 3: Hakikisha kuna maji na chakula cha kiasi

Mmea wa Sarracenia unaokaa chini ya paa haupati mvua, na mtungi wake unaweza kuwa mkavu kabisa. Ujaze hadi nusu kwa maji ya mvua au yaliyokenekwa. Mtungi mpevu hushika takriban mililita 10 hadi 50 kulingana na ukubwa wake. Pima kiasi ulichomimina na ukiandike, kwa kuwa utakihitaji baadaye. Mtungi wa Nepenthes usiumwagie maji ukiwa na majimaji yake, kwani utayazimua.

Chakula cha bwawa hili ni mizoga. Ikiwa mtungi umeshanasa wadudu wenyewe, usiongeze kitu. Ikiwa ni mtupu, weka chungu wawili au watatu wakavu, au nzi mmoja mdogo, kisha ngoja wiki mbili kabla ya kufikiria kuongeza. Bakteria huanza kuongezeka siku moja hadi tatu baada ya mzoga kuingia, na protozoa huwafuata siku kadhaa baadaye.

Kuhusu kulisha kupita kiasi, sitaki mtu alichukue onyo hili kama mapambo. Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo waliongeza unga wa nyigu waliosagwa katika mitungi ya Sarracenia purpurea. Mzigo ulipozidi, bakteria walitumia oksijeni yote iliyoyeyuka katika maji, na bwawa likahama kutoka hali yenye hewa kwenda hali isiyo na hewa, kama linavyofanya ziwa lililojaa taka. Mimi sikuhitaji unga wa nyigu kulijua hilo. Niliwahi kudondosha kipande cha nyama, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, katika mtungi wangu bora. Siku ya nne maji yalikuwa ya kijivu, siku ya sita yalinuka kama yai viza, na siku ya kumi jani lilikuwa limelainika kuanzia chini kama ndizi iliyoiva mno.

Umefaulu iwapo maji ni maangavu au yana rangi ya chai hafifu, na yananukia udongo uliolowa.

## Hatua ya 4: Tazama, nusa na pima kabla ya kuchota

Andika saa, rangi ya maji, harufu na kimo cha maji. Chovya pembe ndogo ya karatasi ya pH, au bora zaidi, idondoshee tone kwa pipeti ili rangi ya karatasi isiingie kwenye mtungi.

Chota saa zile zile kila mara. Mtungi ni jani, na ukuta wake hutoa oksijeni wakati wa mchana. Usiku oksijeni ndani ya maji hushuka kwa sababu wakazi wote wanaendelea kupumua. Sampuli ya alfajiri na ya alasiri haziwezi kulinganishwa kama vile zimetoka katika mazingira yale yale.

Ukikuta harufu ya yai viza, usiendelee na mpango wa kawaida. Nenda sehemu ya matatizo, chini.

## Hatua ya 5: Chota bila kuua bwawa

1. Vaa glavu. Kamwe usinyonye pipeti kwa mdomo.

2. Ingiza pipeti ukiwa umeshaiminya balbu. Ukiiminya ikiwa ndani ya maji, utapuliza viputo na kutibua kila kitu.

3. Chukua sampuli ya kwanza katikati ya kina cha maji. Iweke katika kichupa na uandike herufi K.

4. Shusha pipeti polepole hadi karibu na sakafu ya mtungi, palipo na matope ya mizoga, na uchukue sampuli ya pili. Iandike herufi C.

Hatua hiyo ndogo ya nne ndiyo tiba ya wale wasioona kitu. Watu huchota juu kwa sababu ndipo panapofikika, kumbe chakula kimezama chini, na wakaaji wake wamekifuata. Nikilinganisha sampuli za mtungi mmoja, mara nyingi slaidi moja ya C ina viumbe wengi kuliko slaidi tano za K.

5. Jumla ya ulichochota isizidi sehemu moja ya kumi ya maji yote. Kwa mtungi wenye mililita 20, hizo ni mililita 2, na zinatosha kabisa. Kwa Sarracenia, rudisha kiasi hicho hicho cha maji safi. Kwa Nepenthes usirudishe kitu.

6. Andaa kichupa cha tatu chenye maji yako safi tu, yaliyopitishwa katika pipeti nyingine mpya. Hiki ndicho kichupa cha ulinganisho. Ukikuta protozoa ndani yake, basi chombo chako cha kukingia mvua ndicho chenye wakazi, na matokeo yote ya siku hiyo hayana thamani.

Majimaji ya baadhi ya Nepenthes, kwa mfano Nepenthes rafflesiana, yanavutika kama ute. Uzi mwembamba utafuatana na pipeti kutoka mdomoni mwa mtungi, na ukiharakisha utanyonya hewa tupu. Achilia balbu taratibu, hesabu hadi kumi, kisha inua.

Jaza kichupa nusu tu ili kibaki na hewa, kiweke kivulini, na ukichunguze ndani ya saa mbili. Katika kichupa kilichojaa pomoni na kufungwa, oksijeni huisha haraka na protozoa hufa kabla hujawaona.

## Hatua ya 6: Andaa slaidi

Weka nyuzi mbili tatu za pamba katikati ya slaidi, zikiwa zimetawanywa. Dondosha tone moja juu yake. Gusisha ukingo mmoja wa kifuniko kwenye tone, kisha ukilaze polepole kwa mshazari ili hewa itoke upande wa pili. Nyuzi zina kazi mbili: huzuia kifuniko kuwakandamiza viumbe, na huwawekea vizuizi wale wanaoogelea kwa kasi ili wasikukimbie.

Punguza mwanga. Viumbe hawa karibu hawana rangi, na mwanga mkali huwafuta machoni kama jua linavyofuta nyota. Funga kiwambo cha hadubini hadi picha iwe na giza kidogo na kingo za vitu zionekane.

Anza na mara 40 ili kupata sehemu yenye matope, panda hadi mara 100 utafute mwendo, kisha mara 400 umtazame uliyempata. Kiputo cha hewa ni duara kamilifu lenye ukingo mweusi mnene, nacho hakijigeuzi. Nilikwisha kuchora kimoja kwa uangalifu mkubwa na kukipa jina la kisayansi, kwa hiyo simcheki mtu.

## Hatua ya 7: Tambua unayemwona

Bakteria kwa ukuzaji wa mara 400 ni nukta na vijiti vidogo mno, kwa kawaida vyenye urefu wa mikromita moja au mbili. Usidanganywe na mtetemo. Kila chembe ndogo majini hutikisika papo hapo kwa kugongwa na molekuli za maji, iwe hai au mfu. Bakteria anayeogelea husafiri: hupita upande mmoja wa uwanja hadi mwingine huku majirani zake wakiendelea kutetemeka mahali pao. Usijitese kutaka kujua spishi, kwa sababu hilo huhitaji uchunguzi wa vinasaba.

Protozoa wenye mijeledi ni wadogo, wengi wao mikromita 5 hadi 15. Huenda kwa kusitasita, wakivutwa au kusukumwa na uzi mmoja au miwili. Bodo ni mmoja wa wanaopatikana mara kwa mara katika Sarracenia.

Protozoa wenye vinyweleo ndio watakaokufurahisha kwanza. Ukubwa wao kwa kawaida ni mikromita 20 hadi 100, mwili umezungukwa na vinyweleo vinavyopiga makasia kwa pamoja, na huteleza kwa kasi, hugonga uzi wa pamba, hurudi nyuma, kisha hujaribu upande mwingine. Colpoda hutambulika kwa umbo lake la figo. Maji yake yakikauka hujifungia ndani ya ganda gumu na kungoja, uwezo unaomfaa sana mkazi wa bwawa linaloweza kukauka wakati wowote.

Rotifa ni mnyama kamili mwenye seli nyingi, ijapokuwa wengi wao hawafikii hata nusu milimita. Ukimpata, acha kila kitu umtazame. Kwanza utaona kitu kama funza mwembamba kinachojivuta, akibandika mguu, akirefuka, akibandika kichwa, akijikusanya. Kisha hutulia, hushikilia kipande cha matope kwa mguu wake, na kichwani hufungua pete mbili za vinyweleo zinazoonekana kama magurudumu mawili yanayozunguka. Hayazunguki kweli; ni vinyweleo vinavyopiga kwa zamu. Chembe zilizo karibu huanza kuzunguka na kuzama kinywani, na ndani ya mwili utaona taya zikitafuna bila kupumzika. Gonga meza kidogo na atajikunja mara moja awe kama kidonge.

Utitiri na viluwiluwi wa mbu huonekana kwa ukuzaji wa mara 40, na kiluwiluwi hata kwa macho. Hao ndio walio juu kabisa katika mlolongo wa ulaji: mzoga hulisha bakteria, bakteria hulisha protozoa na rotifa, nao huliwa na viluwiluwi. Kiluwiluwi mmoja huweza kulibadilisha bwawa zima, hivyo ukimkuta, andika idadi yao kabla ya kushangaa kwa nini protozoa wamepungua.

Katika makazi yake ya asili, Sarracenia purpurea ina wakazi ambao maisha yao yamefungamana nayo: mbu Wyeomyia smithii, usubi Metriocnemus knabi ambaye mabuu yake hutafuna mizoga chini na hivyo kuwaandalia bakteria chakula, rotifa Habrotrocha rosa, na utitiri Sarraceniopus gibsoni. Mmea wako ukikua nje ya Amerika Kaskazini, usitarajie kuwaona. Utapata bakteria na protozoa wa mahali ulipo, na huko si kushindwa.

Umefaulu katika hatua hii iwapo umetenganisha angalau makundi matatu na kuchora kila moja, ukiandika ukuzaji uliotumia kando ya mchoro.

## Hatua ya 8: Hesabu

Kwanza ijue pipeti yako. Hesabu matone yanayojaza mililita moja. Yangu hutoa 30. Weka tone moja kwenye slaidi, lifunike, na uhakikishe halivuji nje ya kifuniko. Kwa ukuzaji wa mara 100, pitia eneo lote chini ya kifuniko kwa mistari, kama mtu anayepalilia shamba, na uhesabu kundi moja tu kwa wakati. Nikipata protozoa 8 wenye vinyweleo, basi 8 mara 30 ni 240 katika kila mililita.

Rudia kwa matone matatu na uchukue wastani. Wakikimbia mno, ongeza tone la iodini ya Lugol katika mililita moja ya sampuli hadi iwe na rangi ya chai: viumbe hufa, hupata rangi ya kahawia na hukaa mahali pamoja. Fanya hivyo baada ya kuwaona wakiwa hai, kwa sababu baadhi hubadilika umbo, na usirudishe sampuli hiyo mtungini.

Wakizidi mia moja kwa tone, changanya sehemu moja ya sampuli na sehemu tisa za maji safi, kisha zidisha jibu kwa kumi. Bakteria usiwahesabu kwa njia hii. Andika tu wachache, wengi au wametanda.

## Hatua ya 9: Rudi mtungini kila wiki

Sampuli moja haisemi lolote kuhusu bwawa linalobadilika. Chota mitungi ile ile kila baada ya siku saba, kwa wiki sita au zaidi. Katika mtungi uliofunguka mbele ya macho yako, unachopaswa kuona ni bakteria kwanza, kisha wenye mijeledi, wenye vinyweleo baadaye, na rotifa, kama wapo, wakichelewa kuliko wote. Mpangilio huo ukijirudia katika mitungi miwili tofauti, umefanya kazi nzuri.

Mtungi wa tatu unaweza kukataa kufuata. Mvua kubwa huyamwaga maji na kuyazimua, mdudu mkubwa huleta mlipuko wa bakteria, na kiluwiluwi huwala wawindaji wadogo. Andika tukio hilo na tarehe yake. Kurasa zangu ninazozithamini zaidi ni zile za mtungi uliokwenda kombo.

## Hatua ya 10: Usafi

Loweka slaidi, vifuniko na pipeti katika mchanganyiko wa sehemu moja ya jiki na tisa za maji kwa nusu saa, kisha suuza mara kadhaa, mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa. Masalia ya jiki kwenye pipeti yataua sampuli ya wiki ijayo. Nawa mikono kwa sabuni.

Usimwage mabaki ya sampuli katika mtungi mwingine wala katika dimbwi au mto. Usijaribu pia kuotesha bakteria hao kwenye sahani za maabara nyumbani. Ndani ya maji wamechanganyika. Kwenye sahani yenye joto unazalisha mamilioni ya kitu usichokijua.

Mmea ulio ndani ya nyumba ukiwa na viluwiluwi, waondoe kwa pipeti au funika mdomo kwa chandarua, la sivyo utafuga mbu.

## Matatizo yanayojirudia

Sioni kitu hata kwenye sampuli C. Angalia umri kwanza, mwanga pili. Ikiwa vyote viko sawa na pH ni chini ya 4, tatizo si lako: mtungi huo ni mkali mno kwa protozoa wengi. Hamia ulio mkongwe zaidi.

Maji yananuka yai viza. Oksijeni imekwisha. Chukua sampuli moja kwa ajili ya daftari. Utakuta bakteria wametanda na protozoa wa kawaida wametoweka. Kwa Sarracenia, toa mzoga mkubwa kwa kibanio, nyonya nusu ya maji, weka maji safi, na usilishe kwa mwezi. Kwa Nepenthes, toa mzoga tu na uuache mtungi upambane. Ukuta ukishalainika, kata jani hilo.

Maji yamekuwa ya kijani. Ni mwani, ambao hustawi mwanga ukiwa mwingi. Hauna madhara makubwa, ila huwaficha wengine. Chota karibu na sakafu.

Viumbe wote wamesimama. Slaidi imekauka au imepata joto la taa. Dondosha tone la maji safi ukingoni mwa kifuniko na uangalie tena baada ya dakika tano. Rotifa aliyejikunja mara nyingi hufunguka.

Mtungi umekauka kabisa. Usiutupe. Kwangua unga wa chini, uweke katika kichupa chenye mililita 2 za maji yaliyokenekwa, ukiache wazi kivulini chini ya kitambaa chepesi, na uangalie tone moja kila siku. Colpoda aliyekuwa amejifungia huweza kutoka ndani ya siku moja au mbili, na nimewahi kumwona akiogelea kutoka kwenye unga wa jani lililokuwa limekatwa wiki tatu nyuma.